Nani Aimbe Sauti ya Ngapi?

Miongoni mwa karatasi ambazo sisi walimu huziandika kwa haraka na kuzisahau upesi ni ratiba ya tamasha la nyimbo. Hupigwa chapa jioni moja kabla ya siku yenyewe, hugawiwa mlangoni, na kesho yake hufungiwa njugu sokoni. Hata hivyo karatasi hiyo ndogo imekwisha kuamua mambo makubwa: nani atasimama mbele na nani nyuma, nani ataimba peke yake, wimbo wa nani utafungua na wa nani utafunga, jina gani litasomwa kwa sauti na jina gani litamezwa ndani ya maneno "na wenzake". Kwa hiyo twaona kwamba ratiba ya nyimbo si kazi ya karani tu, ni hukumu. Mwenye kuipanga amepewa, hata kama hakuomba, madaraka ya kusema nani ana haki ya kusikiwa, na asikiwe akiwa nani. Katika makala haya twakusudia kulichungua swali hilo kama swali la maadili, na kulipima kwa mfano ulio mgumu kuliko yote tunayoyajua.

Walimu wenzetu wa Busia na Tororo hawahitaji kufundishwa kwamba mpangilio wa nyimbo una uzito. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa mashariki ni makao ya Kaunti ya Busia, nchini Kenya. Upande wa magharibi ni makao ya Wilaya ya Busia, nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Tamasha lolote linalokusanya kwaya za pande zote mbili huanza na fumbo: wimbo wa taifa upi utangulie? Wapo wasemao kwamba mgeni aheshimiwe kwanza. Wapo wasemao kwamba mwenye uwanja ndiye mwenye kufungua. Tangu mwaka 2010 tunao pia wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao umetungwa kwa Kiswahili, nao wataka nafasi yake. Hatujapata kumwona mtu akisimama katika kamati na kusema kwamba jambo hilo halina maana. Basi asituambie mtu kwamba ratiba ni ratiba tu.

Na hebu tuutazame wimbo wa taifa la Kenya wenyewe. Ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, mmoja wao akiwa George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, na lahani yake ilichukuliwa kutoka katika bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Wimbo ambao mama alimwimbia mtoto ili alale leo hupigwa kwa matarumbeta ya jeshi, na huimbwa na askari waliosimama wima kwa sauti nzito. Ulitoka katika kinywa cha mama ukaingia katika vinywa vya askari, wala hakuna aliyelalamika kwamba wimbo umepoteza jinsia yake. Wimbo huhama. Ugumu huanza pale mtu anapohama.

Mfano tunaotaka kuutazama ni wa kwaya ambazo huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kuzisikia. Mwaka 2001 ilianzishwa mjini San Francisco, Marekani, kwaya ya Kikristo iitwayo Transcendence Gospel Choir, na filamu ya maisha ya kwaya hiyo ilitolewa mwaka 2006. Mwaka 2015 ikaanzishwa nyingine mjini Los Angeles, na nyinginezo zimefuata Marekani na Uingereza. Waimbaji wake ni watu waliobadili jinsia: yaani walioandikwa wanaume walipozaliwa nao wanaishi kama wanawake, au walioandikwa wanawake nao wanaishi kama wanaume, na pamoja nao wamo wengine ambao hawajioni kuwa wa upande mmoja tu. Yafaa tusiwachanganye na huntha, ambao huzaliwa na maumbile yasiyokuwa bayana ya kike wala ya kiume, na ambao Kenya iliwahesabu katika sensa ya mwaka 2019 ikapata 1,524. Haya ni mambo mawili, ingawa wote hukutana na kizuizi kimoja: karatasi yenye visanduku viwili tu.

Je, kiongozi wa kwaya ya namna hiyo hupangaje ratiba yake? Katika kwaya ya kawaida kiongozi huchagua nyimbo miezi mingi kabla ya tamasha, akiwa na hakika kwamba sauti alizozipima Januari ndizo atakazokuwa nazo Juni. Katika kwaya hizi hakika hiyo haipo. Mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike akianza kutumia homoni ya kiume, nyuzi za sauti kooni mwake hunenepa, na sauti yake hushuka kidogo kidogo kwa muda wa miezi. Ikishashuka, kwa kawaida hairudi. Kwa upande wa pili, homoni ya kike haiipandishi sauti ya mtu mzima ambayo ilikwisha kuwa nzito. Mwenye kuitaka sauti nyingine hana budi kuitafuta kwa mazoezi ya subira. Kwa hiyo mwimbaji aweza kuanza msimu katika sauti ya pili na kuumaliza katika sauti ya nne, na katikati ya safari hiyo akawa na koo linalokwaruza, lisilotii, ambalo kesho halitafanya lililofanya jana.

Viongozi wa kwaya hizo wamejifunza kutomwondoa mtu huyo katika mstari. Huchagua nyimbo ambazo hazipandi mno wala hazishuki mno. Huhamisha ufunguo wa wimbo ili uwafuate waimbaji walio nao, badala ya kuwatafuta waimbaji watakaoufuata wimbo. Humruhusu mtu aimbe beti mbili na kundi moja, kisha ahamie kundi jingine pale noti zinapomshinda. Huyaita makundi kwa urefu wa sauti, ya juu, ya kati na ya chini, wala si kwa majina ya wanaume na wanawake. Huepuka ule mtindo wa wanaume kuimba na wanawake kuitikia, au humwachia kila mtu achague atasimama wapi. Mavazi nayo huwa ya namna moja kwa wote. Ukiyatazama mambo hayo moja moja ni madogo. Ukiyatazama kwa pamoja, wimbo umekatwa kama kanzu kwa kipimo cha mwili uliopo.

Lipo pia swali la huzuni na furaha. Kila tarehe 20 Novemba, tangu mwaka 1999, watu hao huwakumbuka wenzao waliouawa, na kwaya zao huitwa kuimba. Mpangaji wa nyimbo hukabiliwa hapo na jambo ambalo kila aliyepanga nyimbo za matanga analijua. Asipoweka maombolezo, amewasahau wafu. Akiweka maombolezo matupu, amewafundisha wasikilizaji kwamba watu hawa hujulikana pale tu wanapokuwa maiti. Ndiyo maana katika matamasha yao mengine utakuta nyimbo za mapenzi, za kuchekesha na za kucheza. Mtu ambaye huonewa huruma tu bado hajakubaliwa kuwa jirani. Jirani ni yule ambaye pia unaweza kucheka naye.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu wa Tororo au wa Busia aweza kusema: hayo ni ya San Francisco, yatuhusu nini? Twamjibu kwamba yeye ameyatenda mara nyingi. Kila mwaka katika shule zetu mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye mwaka jana alikuwa akiimba sauti ya kwanza na kuwapita wasichana, hufungua kinywa siku moja ikatoka sauti ya mtu asiyemjua. Mwalimu mwenye busara hufanya nini? Humwambia apumzike kidogo, amjaribu katika sauti ya tatu, ampe wimbo usiopanda, na hukataza wenzake wasimcheke. Hamwambii: "Wewe ulikuwa wa sauti ya kwanza, na humo utabaki." Kadhalika twajua kwamba katika kwaya nyingi zenye upungufu wa wanaume, akina mama wenye sauti nzito husimama katika sauti ya tatu na kuishikilia barabara. Hakuna anayewauliza kitambulisho. Kanuni tunayotaka kuitetea imekwisha kukaa katika mazoea yetu wenyewe: mtu huwekwa pale sauti yake inapoweza kubeba wimbo.

Zaidi ya hayo, lugha yetu imetutangulia katika jambo hili. Yapo mataifa ambayo majina ya sauti za kwaya yamejaa dhana ya mwanamke na mwanamume. Sisi twahesabu: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Namba haina jinsia. Wala viwakilishi vyetu havina: "yeye" ni mmoja kwa wote, na katika ngeli ya A-WA mwimbaji aliimba, mpenzi aliondoka, mwandani alirudi, pasipo sarufi kutulazimisha kusema kama ni wa kike au wa kiume. Kwaya za Marekani tulizozitaja hulazimika kuuliza, kila zinapochagua wimbo wa mapenzi, kama kiwakilishi kibadilishwe au kiachwe, na hilo huwa ni mjadala. Mwimbaji wa Kiswahili hupokea wimbo ambao mlango wake uko wazi tangu mwanzo. Lugha zetu nyingi za jirani, kama zile za Kibantu zinazosemwa na Wasamia na Wanyole, ziko hivyo hivyo.

Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Sarufi inayofungua mlango haimzuii mwenye nyumba kusimama kizingitini. Tunayo maneno mume, mke, kaka na dada. Tunayo makundi ya mashindano ya wavulana na ya wasichana. Tunazo sare za sketi na za suruali. Na juu ya ratiba huandika Bw. na Bi. mbele ya kila jina, hata pale ambapo Ndugu au Mwalimu lingetosha. Neno "ndugu" laweza kumbeba mtu yeyote bila kumvua nguo, na kwa miaka mingi nchini Tanzania ndilo lililotangulia majina ya wakubwa na wadogo, wake kwa waume. Hatusemi kwamba Bw. na Bi. yafutwe. Twasema tu kwamba mwenye kuandika ajue kwamba amechagua.

Sanaa yetu nayo imezoea jambo la mtu kusema kwa kinywa kisichokuwa chake. Katika taarab mshairi mwanamume hutunga malalamiko ya mke aliyeachwa, na msikilizaji hashangai, kwa maana anajua kwamba "mimi" wa wimbo si lazima awe "mimi" wa mwimbaji. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, aliimba akizungukwa na wapigaji wanaume katika sanaa ambayo kabla yake ilihesabiwa kuwa ya wanaume na ya majumba ya wakubwa. Wapo walioona kwamba hapo si mahali pake. Leo hakuna mwalimu wa fasihi anayeweza kuifundisha taarab bila kumtaja, na Shaaban Robert aliona yafaa kumwandikia wasifu. Hatudai kwamba habari ya Siti ni sawa na habari ya watu tunaowazungumzia. Twaitaja ili kuonyesha kwamba swali "Je, sauti hii ina haki ya kuwa mahali hapa?" limekwisha kuulizwa kwetu, na kwamba wale waliolijibu kwa haraka hawakukumbukwa kwa wema.

Yapo mapingamizi, nayo yastahili kusikilizwa kwa heshima. Pingamizi la kwanza ni la dini na mila. Kwaya nyingi za mpakani ni za makanisa, na makanisa yana mafundisho yake kuhusu mwanamume na mwanamke, misikiti kadhalika. Mwalimu hana mamlaka ya kuyatangua mafundisho hayo, wala makala haya hayakuandikwa kwa nia hiyo. Lakini swali letu ni dogo zaidi, na kwa sababu hiyo ni gumu kulikwepa. Hatuulizi kanisa liamini nini. Twauliza: mtu huyu aliyekwisha kusimama mbele yako, mwenye pumzi na masikio na hamu ya kuimba, una wajibu gani kwake jioni hii? Hata mwenye kuamini kwamba mtu huyo amekosea njia hajapata ruhusa ya kumdhihaki, wala ya kumtaja kwa jina analolikimbia mbele ya watu mia tatu. Wazee walisema, usimlaumu dobi, kaniki ni rangi yake; nao hawakuongeza kwamba kaniki itupwe njiani.

Pingamizi la pili ni kwamba kwaya ni muziki, si siasa, na kwamba tukianza kutazama hali ya kila mwimbaji ubora wa uimbaji utaharibika. Hili twaliona kuwa dhaifu. Kiongozi asiyetazama hali ya waimbaji wake ndiye anayeharibu muziki, kwa kuwa analazimisha makoo kuimba yasichokiweza. Kulipima koo la kila mtu peke yake, bila kutazama kwanza vazi lake, ni ufundi kabla ya kuwa wema.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo si la wapinzani bali ni la marafiki. Ni hofu. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini nchini Uganda sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye adhabu ya kifungo cha maisha, na katika makosa fulani adhabu ya kifo, pamoja na kifungo kirefu kwa yule atakayehesabiwa kuwa ameyaeneza. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vifungu vichache na kuiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Ni kweli kwamba kubadili jinsia ni jambo jingine, lakini jirani mwenye hasira hapambanui, na mara nyingi askari pia hapambanui. Nchini Kenya vifungu vya sheria ya jinai vilivyorithiwa kutoka kwa wakoloni vingali vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta mwezi Mei 2019. Hata hivyo mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watu hao wana haki ya kusajili chama chao. Na mwezi Oktoba 2014, katika shauri linalotuhusu moja kwa moja sisi walimu, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha mtihani chenye jina lake, kisichokuwa na alama ya jinsia.

Basi tazama hali ya mji wa Busia. Mtu mmoja, mwenye sauti moja na wimbo mmoja, anapovuka kile kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, hubadilika kisheria kabla hajabadilika kwa lolote jingine. Si mara ya kwanza kwa jambo la namna hiyo kutokea huku. Mwaka 1902 Waingereza waliutwaa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Maelfu ya watu walilala Uganda wakaamka kwingine, na hakuna aliyekuwa ameinua mguu. Hata leo Wateso wako Tororo na wako Busia ya Kenya, lugha moja na akogo moja, wakiitwa raia wa nchi mbili. Watu wa mpakani wanajua kuliko wengine wote kwamba jina ambalo mtu ameandikiwa na jinsi anavyojijua moyoni ni vitu viwili, na kwamba la kwanza laweza kuandikwa na mtu ambaye hajakuona.

Katika hali hiyo, je, ni uongo kunyamaza? Tuseme mpangaji wa tamasha analo kundi ambalo ndani yake yumo mwimbaji mmoja wa namna tuliyoieleza. Ratiba ikitaja habari zake, atakuwa hatarini yeye na pengine na mpangaji. Isipozitaja, watu watasikiliza wimbo na kwenda nyumbani bila kujua waliyemsikia. Wapo wakali wa ukweli watakaosema kwamba kuficha ni kusaliti. Sisi hatukubaliani nao, lakini pia hatukubaliani na wale wanaouita kila woga kwa jina la hekima. Tunaona kwamba jambo linalopambanua ukimya mwema na ukimya mwovu ni hili: ukimya huo umeombwa na nani, nao unamlinda nani. Mwimbaji mwenyewe akisema, "Niandikeni miongoni mwa sauti ya tatu, basi, yatosha," mpangaji akanyamaza, hakuna uongo hapo. Ratiba haikudai kueleza maisha ya watu. Ilidai kueleza nyimbo. Lakini mpangaji akimwondoa mtu katika mstari ili kwaya isisemwe vibaya, kisha akaandika kwamba "sababu za kiufundi" zimepunguza waimbaji, huyo amesema uongo, tena amemtoza mnyonge gharama ya heshima yake mwenyewe.

Na yupo mkosaji wa aina nyingine, ambaye hulaumiwa mara chache. Ni yule apendaye kuonekana jasiri. Humtangaza mwimbaji jukwaani, humsifu kwa kuwa yeye alivyo, hupigiwa makofi na wageni waliotoka mbali, kisha hupanda gari lake akaenda zake. Mwimbaji hurudi kwa miguu katika mtaa ambao sasa wote wanamjua. Ujasiri wa mpangaji umelipiwa na mtu mwingine. Kama ilivyo haramu kumficha mtu asiyetaka kufichwa, ndivyo ilivyo haramu kumwanika asiyetaka kuanikwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haipaswi kuupigia mtungi mbiu.

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo hufundishwa darasani kama sifa ya nyumbani: ukicheza kwenu, hata ukijikwaa, utapewa zawadi. Twaomba walimu waisome mara nyingine kama dai. Ikiwa mcheza kwao hutunzwa, basi pale ambapo mtu hatunzwi, wenyeji wameacha kuwa kwao. Baada ya sheria ya kwanza ya Uganda ya mwaka 2014, ambayo ilibatilishwa na mahakama mwezi Agosti mwaka huo huo, watu wengi walikimbilia Kenya, wengine wao kwa njia hizi hizi za Busia na Malaba, wakapelekwa mpaka kambi ya Kakuma. Miongoni mwa waliopita hapa walikuwamo, bila shaka, waliowahi kuimba katika kwaya za shule na za makanisa. Kila mmoja wao aliacha nafasi katika mstari fulani, na mwalimu fulani aliwasogeza waliobaki ili pengo lisionekane.

Mwalimu wa kawaida afanye nini, basi, naye hana kwaya ya San Francisco wala hana wakili? Twaona mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake. Apime sauti ya kila mmoja peke yake, wala asiwagawe kwanza kwa sketi na suruali. Achague sare moja, hata ikiwa ni kitambaa tu cha rangi moja shingoni. Kabla ya kupiga chapa ratiba, amwonyeshe kila mwimbaji jinsi jina lake lilivyoandikwa, amuulize kama ndivyo atakavyo. Na akiambiwa jambo kwa siri, alihifadhi, asiligeuze kuwa hotuba. Hakuna hata moja katika hayo linalovunja sheria ya upande wowote wa mpaka. Hakuna hata moja linalomtaka aache dini yake. Hata hivyo kwa kijana mmoja katika darasa la watu sitini, hayo yaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea kuimba na kunyamaza maisha.

Twajua kwamba wapo wasomaji watakaotofautiana nasi, na pengine kwa sababu ambazo hatukuzipima vya kutosha. Twawaomba waandike. Hasa twapenda kusikia kutoka kwa wale wanaoongoza kwaya Tororo, Malaba na pande zote mbili za Busia: mnapopanga waimbaji wenu, ni kwa kipimo gani mnasema kwamba huyu ni wa sauti ya kwanza na yule ni wa sauti ya nne? Na yule asiyeingia katika kipimo hicho, mmempa nafasi gani?